Msimpe ripota kamera halafu mkadhani mmepata kameramani

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu habari za mchana, vijana mambo vipi. Asanteni sana kwa kunialika. Mada niliyopewa ni kameramani wa habari na ripota aliyefundishwa kupiga video, nani anafaa zaidi, na nilivyoingia humu ndani nikacheka kidogo maana mmekaa kama mashabiki uwanjani, makameramani upande ule wamekunja mikono, maripota upande huu na simu zao mezani, na mabosi wa vyumba vya habari wako katikati, kimya, kama marefa ambao matokeo wanayo tayari mfukoni.

Niseme mapema nimesimama wapi ili msipate tabu ya kubashiri. Mimi kazi nilianzia nyuma ya kamera, na siku hizi nafundisha maripota kupiga video zao wenyewe. Kwa hiyo makameramani wananiona msaliti, na maripota wananiona mzee wa kulalamika kuhusu fokasi. Sawa tu, nimezoea. Nina jambo moja la kusema leo na nitalizunguka kweli kweli: mnapomtoa kameramani mkamwachia ripota kamera, kinachopotea kwanza sio picha nzuri, kinachopotea kwanza ni swali zuri. Picha mbaya mtaiona, mhariri atalalamika, watazamaji watacheka. Swali ambalo halikuulizwa nani ataliona? Hakuna.

Historia kidogo kwanza, kwa sababu kuna watu wanadhani huu ugomvi umeletwa na simu. Haujaletwa na simu. Enzi za filamu ya milimita 16 timu ya habari ilikuwa watu watatu mpaka wanne, wa kamera, wa sauti, wa taa, halafu ripota ambaye mzigo wake ni kalamu na tai. Roli ya filamu ya futi 400 ilikuwa inakupa kama dakika 11 tu kwa spidi ya fremu 24 kwa sekunde, ikiisha unabadilisha, na hujui umepata nini mpaka filamu ifike maabara isafishwe. Mtu wa wakati ule alikuwa anafikiri kwanza ndio anabonyeza, hakuwa na namna. Miaka ya 70 zikaingia kamera za elektroniki, ila kamera ilikuwa imeungwa kwa waya na mashine ya kurekodia, na ile mashine anaibeba mtu wa sauti, kwa hiyo mmoja akikimbia na mwenzake lazima akimbie, la sivyo waya unakatika na habari imeishia hapo. Mwaka 1982 Sony wakaleta Betacam, kamera na rekoda vimekuwa dude moja la kuweka begani. Watu walifurahi sana. Unajua nani hakufurahi? Mtu wa sauti. Maana bosi aliangalia, akaona waya haupo tena, akauliza sasa huyu anakwenda kufanya nini kule.

Na ndivyo imekuwa tangu hapo. Kila mashine ikipungua uzito, mtu mmoja anapungua kwenye gari. Zikaja kamera ndogo za DV, yaani video ya dijitali, VX1000 ya mwaka 1995, halafu PD150 mwaka 2000, kitu cha kama kilo moja na nusu ambacho unaweza kukirushia habari hewani na mtazamaji wa kawaida nyumbani asijue tofauti yake na lile dude zito la begani. Wazo lenyewe lakini lilikuwa limeshatangulia. Televisheni ya NY1 ya New York ilivyoanza mwaka 1992 maripota wake walikuwa wanatoka na kamera zao ndogo za kanda za Hi8, London kukawa na televisheni ya Channel One kuanzia 1994 mpaka 1998 kwa mtindo huo huo, na Mmarekani mmoja anaitwa Michael Rosenblum, ambaye ndiye mhubiri mkubwa wa hii dini ya VJ, yaani ripota anayejipigia video mwenyewe, akafika mpaka BBC mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mafunzo yake yakapitia mamia ya wafanyakazi pale. Mwaka 2005 stesheni mbili Marekani, WKRN ya Nashville na KRON ya San Francisco, zikaamua kugeuza vyumba vyao vya habari viende kwa mfumo huo.

Halafu ikaja ile ya 2013, ambayo ni ya gazeti lakini kila kameramani wa televisheni aliisoma huku tumbo linamuuma. Chicago Sun-Times waliwaondoa wapiga picha wao wote wa kudumu kwa mkupuo, watu 28, akiwemo John H. White ambaye alishinda Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi Marekani, mwaka 1982, na maripota wakapewa mafunzo ya kupiga kwa iPhone. Sababu waliyotoa ni kwamba wasomaji wanataka video zaidi. Yaani wateja wanataka picha zaidi, kwa hiyo tunawaondoa wanaojua kupiga picha. Kabla mwaka haujaisha wakakubali kuwarudisha wanne. Sina la kuongeza hapo.

Sasa turudi kwenye swali, ndipo penye moyo wa haya mambo.

Chukua intavyuu ya kawaida kabisa, ofisa mmoja anaulizwa kuhusu hela ambazo hazionekani kwenye vitabu. Wewe ripota uko peke yako. Umefunga tripodi, umemvalisha maiki ya klipu kwenye kola, umekaa ubavuni mwa lensi ili macho yake yaje kwako yasiende moja kwa moja kwenye kioo. Safi, mpaka hapo umefanya kama ulivyofundishwa. Umeuliza, anajibu, na wewe unatikisa kichwa unamwangalia usoni, ila kichwani kwako kuna mambo mengine kabisa, kile kitaa chekundu kinawaka au hakiwaki, betri ilikuwa imebaki ngapi, mbona kaegemea nyuma sasa fokasi si itakuwa imebaki pale alipokuwa, wingu limepita uso umekuwa giza, kuna kitu kinanguruma ni feni au ni friji, tai yake inasugua maiki, nimsimamishe au nimwache amalize, nikimsimamisha atapoteza mtiririko. Na katikati ya hayo yote yule ofisa anasema, kwa sauti ya kawaida tu, "ile sahihi ya pili haikuwa yangu", halafu anaendelea na mambo mengine. Inapita. Unakuja kuikuta usiku unaediti, hedifoni masikioni, unarudisha nyuma mara mbili mara tatu, na yule bwana ameshalala kwake, na kesho hapokei simu.

Ripota ambaye kichwa chake chote kilikuwa kwenye maneno angemkamata pale pale. Haikuwa yako, ya nani sasa? Maneno matano tu, na ndiyo ingekuwa habari yenyewe.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na kila nikiisema hii darasani kuna kijana ananijibu kwamba siku hizi kamera inajishikilia yenyewe, kuna fokasi ya kufuata uso, kuna mwanga otomatiki, kuna sauti otomatiki. Ni kweli, na sibishi, fokasi ya kufuata uso imeokoa maripota wengi na mimi mwenyewe naipenda. Lakini otomatiki ya mwanga ikiona dirisha nyuma ya mtu inalihurumia dirisha, mtu anabaki kivuli. Na otomatiki ya sauti ndio ina tabia mbaya kuliko zote, mtu akinyamaza inadhani sauti imepungua basi inapandisha, na kinachopanda ni ule mngurumo wa feni, kwa hiyo pale ambapo mhojiwa amekaa kimya anafikiria, pale penye uzito wote wa mahojiano, wewe mtazamaji unasikia feni. Mtu mwenye hedifoni angeisikia sekunde ya kwanza. Kameramani kazi yake kubwa kwenye intavyuu wala sio macho, ni masikio, na watu wengi hawalijui hilo kwa sababu wanamwita kameramani.

Na masikio ya ripota je? Yana kazi nyingine. Anasikiliza maana. Kusikiliza maana ya mtu na kusikiliza ubora wa sauti yake ni kazi mbili tofauti kabisa, jaribuni leo mkirudi kazini, sikilizeni mtu akiongea mkitafuta tu kama "p" zake zinapiga kwenye maiki, halafu mjiulize alisema nini. Hamtakumbuka.

Jambo la pili ambalo naona linasahaulika ni kwamba mlikuwa na mashahidi wawili, sasa mna mmoja. Watu wanaongea kama vile kameramani alikuwa stendi yenye miguu. Jamani. Mohamed Amin, kameramani wa Kenya, huyu hahitaji utambulisho kwa watu wa kazi hii, picha zake za njaa Ethiopia mwaka 1984 kule Korem, pamoja na maneno ya ripota Michael Buerk wa BBC, zilisambaa dunia nzima na ndizo zilizoamsha mambo mpaka ikaja Live Aid, yale matamasha ya muziki ya kuchangia wenye njaa, mwaka 1985. Angalieni ile kazi tena siku moja mkipata nafasi. Kamera ya Amin haina papara, inakaa juu ya watu muda mrefu kuliko tunavyovumilia siku hizi, na maneno ya Buerk yanakwenda taratibu nyuma ya picha, hayashindani nazo. Mmoja alikuwa anaangalia, mmoja alikuwa anatafuta maneno, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake kazi. Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa na bado akarudi kazini na mkono wa bandia mpaka alipofariki kwenye ile ndege iliyotekwa mwaka 1996. Huyu utamwambia wewe sio mwandishi wa habari, wewe unapiga tu?

Ila nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuna Neil Davis, Mwaustralia, aliyepiga picha za vita vya Vietnam na Kambodia miaka mingi, na huyu mara nyingi alipenda kwenda peke yake. Ndiye aliyerekodi kile kifaru cha jeshi kinaingia kwenye geti la ikulu ya Saigon tarehe 30 Aprili 1975. Aliuawa Bangkok mwaka 1985 akirekodi jaribio la mapinduzi, na kamera yake iliendelea kurekodi baada ya yeye kuanguka. Kwa hiyo mtu akiniambia mtu mmoja hawezi kufanya yote, nitamwambia wapo waliofanya, tena kwa filamu, tena kwenye risasi. Lakini angalieni alikotokea, alikuwa kameramani kwanza. Mikono yake ilikuwa haihitaji kufikiria tena, fokasi na mwanga vilishakuwa kwenye vidole, ndio maana kichwa kilikuwa kimebaki huru kwa ajili ya habari. Hiyo haiji kwa semina ya wiki moja yenye cheti na picha ya pamoja.

Na hapa nina dukuduku langu ambalo nimelibeba muda mrefu. Kwa nini mafunzo yanakwenda upande mmoja tu? Kila mahali nasikia tunafundisha maripota kupiga video. Ni wapi mmesikia kwa wingi kwamba tunafundisha makameramani kuandika na kuuliza? Kameramani wa miaka mingi ameshasimama kwenye mikutano na waandishi wa habari, mahakamani, misibani, kwenye ajali, amesikia maswali mazuri na ya kijinga, anajua mhusika gani anakimbilia mlango wa nyuma. Mtu huyo kumfundisha skripti ya dakika moja na nusu ni kazi kubwa kiasi gani? Mimi nadhani jibu halina uhusiano na ugumu wa kazi. Wanaopanga mafunzo ni watu waliotokea kwenye kuandika, na mtu humwona binadamu kamili yule anayefanana naye. Mniwie radhi mabosi, ila si mmenialika wenyewe.

Haya na nyie makameramani msishangilie sana, zamu yenu imefika. Kuna wenzetu wamejichimbia kaburi wenyewe. Anafika lokesheni hajui habari inahusu nini. Anauliza "tunapiga nini hapa?" ripota akiwa tayari anashuka kwenye gari. Amepiga sura ya mtu shoti nzuri ajabu, ukimuuliza jina la huyo mtu anasema hiyo kazi ya ripota. Anapiga vitu vile vile kwa mpangilio ule ule, jengo, bango, watu wameketi, mikono inaandika, halafu anafunga kamera na anataka kuondoka wakati mambo ndio yanaanza. Kama hicho ndicho unachokileta, basi bosi hajakosea, maana hicho hata ripota wa wiki moja anaweza. Huwezi kusema mimi ni mwandishi wa habari siku ya kupunguzwa kazi wakati siku nyingine zote ulikuwa unasema mimi napiga tu.

Sasa VJ anashinda wapi? Anashinda sehemu nyingi, na wanaokataa hili wanajidanganya. Chumba kidogo, mtu mmoja, jambo zito, mama anaongea kuhusu mtoto aliyempoteza. Mkiingia watu watatu na taa na maiki ya mti mrefu mmemuua yule mama kabla hajaanza kuongea, anakaa wima, anaongea kama yuko kwenye mkutano. Akiingia mtu mmoja na kamera ndogo, akakaa chini naye, akaiacha kamera kwenye begi nusu saa nzima, utapata kitu ambacho timu kubwa haitakipata milele. VJ anaweza kubaki. Hakuna dereva anayepiga honi nje, hakuna mwenzake anayeangalia saa. Habari zinazohitaji muda na ukaribu, mpeni mtu mmoja anayejua kuvumilia.

Halafu kuna faida ambayo haisemwi, ripota anayepiga mwenyewe anaandika vizuri zaidi. Akishajua kwamba hana shoti ya mtoto akivuka daraja hawezi kuandika sentensi ya mtoto akivuka daraja, basi, lazima aende darajani asubiri mtoto avuke. Wako maripota, hatutaji, ambao wamejenga jina kwa kukaa hotelini wakisoma skripti juu ya futeji za mashirika ya habari. VJ hana hiyo nafasi, kamera inamlazimisha afike. Na kuna kuwahi pia, tukio likitokea aliye karibu ndiye mpiga picha, hata raia, si mnakumbuka ile video ya kifo cha George Floyd mwaka 2020 ilipigwa na binti mpita njia kwa simu, na bodi ya Pulitzer ikampa tuzo maalum mwaka uliofuata. Hakuna aliyeuliza kuhusu fremu.

Ila usalama. Hapa naomba niende polepole maana ndipo ninapogombana na watu kweli. Kameramani wa begani anafundishwa tangu mwanzo kuangalia kwenye vyufaainda, kile kitundu cha kuchungulia picha, kwa jicho la kulia huku la kushoto liko wazi. La kulia linapiga, la kushoto linaishi. Linaona jiwe linakuja, linaona askari anageuka, linaona gari. Simu imeyachukua macho yote mawili. Umeinyanyua mbele ya uso, unaangalia kioo, dunia imekuwa ukubwa wa kiganja. Na zamani kwenye vurugu ripota alikuwa anaweka mkono mgongoni kwa kameramani au anashika mkanda wake, anamvuta nyuma, anamgeuza, anamwambia kuna ngazi. Kupiga mtu anayekuja huku wewe unatembea kinyumenyume, hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja anaona mbele na mwingine anaona nyuma. Ukiwa peke yako nani anaona nyuma?

Januari 2022 kule West Virginia, Marekani, ripota mmoja alikuwa laivu usiku pembeni ya barabara, peke yake, kamera kaifunga mwenyewe, taa kawasha mwenyewe, akagongwa na gari akiwa hewani. Mungu ni mwema, aliinuka, akainua na kamera, akaendelea na ripoti yake. Dunia ikamsifu kwa ujasiri. Mimi sikuweza kumsifu, nilikasirika, sio kwake, kwa utaratibu uliomweka pale. Laivu, usiku, barabarani, mtu mmoja. Hiyo laivu ingekosekana habari ingekuwa imepungukiwa nini? Mara nyingi laivu za aina hiyo ni mtu amesimama mbele ya mahali ambapo kitu kilishaisha masaa sita yaliyopita.

Kwenye mafunzo mimi nafanya nini basi? Kwa wiki moja naweza kumfundisha ripota ashike shoti sekunde 10 bila kuhangaika, aache kuzumu, asogee kwa miguu yake badala ya kidole. Naweza kumfundisha sauti kabla ya picha, alenge kilele cha sauti kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, avae hedifoni hata kama anaona aibu. Kwamba balbu za njano ziko kama 3200 na jua la mchana liko kama 5600 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, akivichanganya kwenye uso mmoja atapata mtu nusu machungwa nusu bluu. Namfundisha mfululizo wa shoti, mikono inafanya nini, uso wa anayefanya, wote pamoja kwa upana, halafu kutoka begani kwake, halafu engo moja ya kushtukiza. Namfundisha akikaa kwenye intavyuu asiache kamera ikajisimamia muda wote, baada ya maswali matatu asimame, aseme samahani, acheki, akae tena. Mhojiwa hatachukia. Hii ya kusimama ni ndogo lakini ndiyo inayookoa swali, kwa sababu ukijua kwamba utacheki baada ya muda unaacha kucheki kichwani.

Kile ambacho sikiwezi kwa wiki moja, wala mwezi, ni ule mwili unaojua kitu kitatokea wapi. Umati wa watu mia mbili unamsubiri mshtakiwa atoke mahakamani, wapigapicha wote wamebanana mlango mkubwa, na kuna mtu mmoja ameshahamia kwenye lango la magari dakika mbili kabla. Ukimuuliza alijuaje hakuambii, hata yeye hajui vizuri, aliona dereva amewasha gari, aliona askari mmoja kavaa kofia. Huyo ndiye mliyemlipa. Pia lensi ndefu, ile ya kumvuta mtu aliye mbali bila kutikisika, simu yenu ikivuta mbali vile inakupa uji. Na taa, na giza, na mvua.

Kwa hiyo ombi langu kwa mabosi ni dogo ila najua litawagharimu. Kila asubuhi kwenye kikao cha wahariri mnagawa habari kwa kuangalia nani yupo na gari lipi lina mafuta. Anzeni kugawa kwa kuuliza hii habari ina hatari gani na ina maswali mazito kiasi gani. Mahojiano ya kumbana mtu, watu wawili. Vurugu, mafuriko, usiku, mahakama, watu wawili, na laivu ya barabarani kama hamna watu wawili basi hakuna laivu. Mama na msiba wake, mtu mmoja mwenye muda. Sherehe za uzinduzi wa jengo, hata simu inatosha, na kusema kweli hata msipokwenda hakuna atakayelia.

Na mkimpa mtu mmoja kazi mbili msimdai nne. Maana ndivyo inavyokuwa, anatoka peke yake, arudi na ripoti ya saa mbili usiku, na klipu ya mtandaoni ya mchana, na ile ya wima ya simu, na katikati aingie laivu mara mbili, dedilaini zote ni zile zile za enzi ya watu watatu, na mshahara ni ule ule wa mtu mmoja. Kama mmeokoa mishahara miwili, basi kidogo katika hiyo kiende kwenye bima yake, na kwenye begi la mgongoni lisilomuua uti wa mgongo, na kwenye mafunzo ambayo hayaishi Ijumaa.

Nyie maripota mlioshaingia kwenye hii kazi ya peke yako, kuna kameramani mzee hapo kazini kwenu ambaye wanamsubirisha kustaafu. Mfuateni na habari yenu mbichi, haijakatwa, kabla mhariri hajaiona, mwambieni aangalie nanyi. Atasema mambo mengi ya kukera, vumilieni. Na nyie wazee, mkifuatwa msitoe hotuba kama yangu hii, kaeni chini mumwonyeshe shoti moja tu kwa nini haiungiki na nyingine kwenye kuediti.

Naona kuna mikono kule nyuma imenyanyuka muda mrefu, na dada mmoja hapa mbele amekuwa akitikisa kichwa kunikatalia tangu niliposema habari ya laivu. Mpeni maiki yeye kwanza.